Wikendi Manchester: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Kila mgeni anayetaka kupanda huku kaskazini ya Uingereza huniuliza yale yale, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu nayapenda. Mengine ni ya kukuvusha tu.

Kwa nini nije Manchester wakati hata London sijaimaliza?

London haimaliziki, kwa hiyo usiisubiri. Katikati ya Manchester unaizunguka kwa miguu, na hadithi yake ni moja: pamba. Karne ya 19 mji huu uliitwa Cottonopolis, yaani Mji wa Pamba, na mali iliyojenga maghala, mifereji na maktaba zake ilitoka kwenye uzi. Ukija ukitafuta kasri na walinzi wa kofia za manyoya, utachoka kabla ya saa sita mchana. Hapa unatazama matofali mekundu, madaraja ya chuma na maji meusi ya mfereji. Wapo wasiopenda. Shemeji yangu alisema mji mzima unafanana na stoo. Sikumbishia, maana kweli mwingi wake ulikuwa stoo.

Siku mbili zinatosha?

Zinatosha, usipojaribu kuchanganya na Liverpool. Treni kati ya miji hiyo huchukua chini ya saa moja, ndiyo maana watu hushawishika, na mwisho wanakuwa wameona stesheni mbili na mkahawa mmoja. Mimi hupanga hivi: Ijumaa jioni unafika na kulala. Jumamosi unaanzia Castlefield na kumalizia katikati ya mji. Jumapili unachagua upande mmoja tu, ama Oxford Road ama Salford Quays.

Nafikaje, na mjini nazungukaje?

Kutoka London, treni za stesheni ya Euston huchukua kama saa mbili na dakika kumi hadi Piccadilly, stesheni kuu ya Manchester. Tiketi nunua wiki kadhaa kabla, maana ukiinunua Ijumaa jioni pale dirishani utajuta. Mabasi ya masafa marefu ni nafuu zaidi lakini yatakula nusu siku yako. Ukitua uwanja wa ndege wa Manchester wenyewe, treni hukufikisha Piccadilly kwa dakika 20 hivi. Tram, yaani treni ndogo ya mjini, nayo inafika, ila inazunguka mno. Jambo la kuangalia ni Jumapili: reli za Uingereza hupenda kufanyiwa matengenezo siku hiyo, ukajikuta umepakiwa basi badala ya treni.

Mjini, tram na mabasi yote ni ya njano na yako chini ya mtandao mmoja uitwao Bee Network. Huhitaji kadi maalumu, kadi yako ya benki inatosha. Kwenye basi unagusa mara moja unapopanda. Kwenye tram unagusa mashine ya stesheni kabla ya kupanda na tena ukishashuka. Ukisahau ile ya pili unakatwa zaidi ya nauli ya safari yako. Shemeji yule yule alisahau mara tatu kwa siku moja, ndiyo maana nalisisitiza.

Nahitaji viza?

Kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na huishi Uingereza, ndiyo, unaomba viza ya mgeni kabla ya kusafiri. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman wao huomba kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA, na hicho hakina usumbufu mwingi. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe. Usitegemee mtu wa kijiweni, na mimi nikiwamo.

Nilale wapi?

Karibu na Piccadilly au Deansgate, ili utembee kwa miguu. Northern Quarter ni mtaa mzuri wa kula na kutazama michoro ya ukutani, lakini wa kulala sivyo, hasa Jumamosi. Nilimweka mjomba kwenye hoteli moja ya huko, jina lake nalihifadhi, na saa nane usiku kundi la mabinti wanaosherehekea mwenzao anayeolewa lilikuwa likiimba chini ya dirisha lake. Asubuhi mjomba akaniuliza kama hii ndiyo nchi iliyomfundisha ustaarabu. Halafu kagua ratiba ya mpira na matamasha kabla ya kulipa. Wikendi ya mechi kubwa chumba kile kile hupanda bei mara mbili na zaidi.

Jumamosi asubuhi nianzie wapi?

Anzia Castlefield, kabla ya saa nne, wakati bado kumetulia. Simama ukingoni mwa maji utazame juu. Madaraja ya reli ya karne ya 19 yanapishana kichwani, moja juu ya jingine, tram za leo zinapita kwenye mojawapo, na chini mabata wanaogelea kati ya mashua nyembamba zinazokaliwa na watu. Bado unaona nguo zimeanikwa.

Maji hayo ni mwisho wa mfereji wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761. Duke wa Bridgewater (duke ni cheo cha juu cha kimwinyi) alikuwa na machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley, na kuyabeba kwa farasi hadi mjini kulikuwa kunakula faida yake. Akachimba mfereji. Bei ya makaa Manchester ikaanguka kama kwa nusu, na makaa rahisi ndiyo baadaye yaliyolisha injini za mvuke. Hatua chache kutoka hapo kuna mabaki ya ngome ya Warumi, Mamucium, iliyowekwa karibu na mwaka 79. Waingereza wanaipenda sana. Mimi huipa dakika tano.

Panda kwenye daraja la zamani la Castlefield Viaduct. Ni daraja la reli la mwaka 1892 ambalo lilikaa bila kazi kwa miongo, na tangu 2022 limegeuzwa bustani ya juu. Kuingia ni bure. Utaona jinsi mji ulivyotobolewa na reli na mifereji ili pamba iingie na nguo zitoke.

Jumba gani la makumbusho nisilikose?

Science and Industry Museum, hapo hapo jirani, na kuingia ni bure. Eneo lake lina stesheni ya Liverpool Road, mwisho wa reli iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830 kati ya Liverpool na Manchester. Ndiyo stesheni kongwe zaidi ya abiria ya mwisho wa reli iliyobaki duniani. Siku ya ufunguzi mbunge William Huskisson alishuka njiani kwenda kumsalimia Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, akagongwa na injini ya Rocket na kufa. Msafara ukaendelea hadi Manchester, na wafanyakazi wakampokea Wellington kwa zomeazomea. Majengo hayo hufungwa kwa zamu kwa ajili ya ukarabati, basi ukikuta kona moja imezibwa usishangae.

Lakini kilichokuleta ni ukumbi wa nguo. Uliza mezani saa ngapi mashine zitawashwa, kisha urudi saa hiyo hata kama umeshiba makumbusho. Mhudumu anaanza na pamba mbichi mkononi, anaivuta kwa vidole mpaka inakuwa uzi, anawapa watoto washike. Halafu anawasha kitanda cha kufumia. Sakafu inatetemeka. Kijiti kinachobeba mshindio kinarushwa huku na huku katikati ya mtande, kila mara kinagonga kama nyundo, na vumbi la pamba linaanza kuelea kwenye mwanga. Mashine moja tu, na husikii mtu aliye pembeni yako. Kiwandani zilikuwa mamia chumba kimoja. Ndiyo maana wafumaji wa Lancashire, jimbo la huku, walijifunza kuzungumza kwa midomo bila sauti, wakisomana vinywa, na wengi walizeeka wakiwa viziwi. Wasokotaji nao walikuwa na watoto wanaotambaa chini ya mashine inayokwenda, kuokota nyuzi na mabaki ya pamba. Nilikwenda na binti yangu alipokuwa na miaka minane. Alimuuliza mhudumu, "Walikuwa na umri gani?" Mhudumu akamtazama, akasema, "Kama wewe."

Nasikia kanga zetu zilitoka huko. Ni kweli?

Baadhi yake, ndiyo. Kabla ya viwanda vya kwetu kama Urafiki, kanga zilichapwa India na Ulaya, Manchester ikiwamo, wafanyabiashara wa pwani wakipeleka michoro na maneno ya kuandikwa. Fikiria fundi wa hapa, hajui neno la Kiswahili, anapanga herufi za kijembe cha mke mwenza.

Kuna kisa kingine kilichojificha kwenye lugha yenyewe. Bibi zetu waliita kitambaa kigumu kisichopaushwa marikani, kwa sababu kilikuja Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, biashara hiyo ilivunjika, na baadaye nguo za Waingereza na za Bombay zikakamata soko. Jina likabaki la Marekani hata kitambaa kilipotoka Lancashire.

Vita hiyo hiyo iliipiga Manchester yenyewe. Pamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani iliacha kufika, viwanda vikafungwa, watu wakalala njaa. Hata hivyo, mkesha wa mwaka mpya wa 1863 wafanyakazi walikutana kwenye ukumbi wa Free Trade Hall wakamwandikia Abraham Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Alijibu Januari ile, na sehemu ya barua yake imechongwa chini ya sanamu yake iliyopo Lincoln Square. Si Lancashire yote iliyokuwa na moyo huo, wapo waliotamani tu pamba irudi. Wenye viwanda nao walipata funzo la kutotegemea nchi moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama chao cha kukuza pamba katika makoloni kilikuwa kikihimiza kilimo hicho Uganda na kwingineko. Kama babu yako alilima pamba Busoga au Buganda, sehemu ya jasho lake ilikuja kusokotwa mitaa hii.

Hiyo pamba sasa iko wapi?

Haipo. Ingia Royal Exchange, katikati ya maduka, mchana wowote wanapofungua. Lilikuwa soko la pamba, ukumbi ambao maelfu ya wafanyabiashara walisimama bega kwa bega kupatana bei. Biashara ilikoma mwaka 1968. Tangu 1976 ndani yake kuna ukumbi wa maigizo wa vioo na chuma, umesimama kama chombo cha angani kilichotua msikitini. Sasa inua macho juu kabisa ukutani: ubao wa bei bado upo, na bei za siku ya mwisho hazijafutwa.

Kenyatta alikuwa Manchester?

Alikuwa. Oktoba 1945 Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika lilifanyika hapa, kwenye ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock. Walikuwapo Jomo Kenyatta, Kwame Nkrumah, George Padmore, Hastings Banda, na mzee W.E.B. Du Bois kutoka Marekani. Mmoja wa walioliwezesha ni Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa na migahawa mjini hapa. Makongamano ya awali yalikuwa na lugha ya kuomba. Hili lilidai uhuru waziwazi. Haikupita miaka 20, watatu kati ya waliokaa vitini pale walikuwa wakiongoza nchi zao.

Jengo liko Cavendish Street, karibu na bustani ya All Saints, dakika chache kutoka Oxford Road. Kilichobaki ni uso wake wa mbele wenye nguzo. Nyuma yake ni chuo kikuu cha Manchester Metropolitan. Kuna kibao chekundu ukutani. Hakuna tiketi wala foleni wala duka la zawadi, na wanafunzi wanapita na kahawa zao bila kugeuka. Nimewapeleka watu wengi pale na wote hufanya jambo moja: wanakaa kimya kidogo, halafu wanapiga picha, halafu wanampigia mtu simu nyumbani.

Maktaba kwenye wikendi? Kweli?

John Rylands, iliyoko Deansgate, itakubadilisha mawazo. Enriqueta Rylands, mjane wa tajiri wa nguo, aliijenga kumkumbuka mumewe, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1900. Ukiingia chumba cha kusomea utadhani ni kanisa kuu. Ndani yake kuna kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana kwa Kigiriki, kikubwa kidogo tu kuliko kadi ya benki, ambacho wataalamu wengi wanakiweka karne ya 2. Bure, ila haifungui siku zote, basi angalia tovuti yao.

Chetham's ni ya mwaka 1653, maktaba ya umma kongwe kuliko zote katika nchi zinazosema Kiingereza. Unalipia na kuongozwa, na nafasi huisha. Kuna meza dirishani ambapo Karl Marx na Friedrich Engels walisoma pamoja kiangazi cha 1845. Baba yake Engels alikuwa na hisa katika kiwanda cha uzi Salford, kwa hiyo kijana aliyaona mateso ya wafanyakazi akiwa upande wa wenye mali.

Nitaona nini St Peter's Square?

Sanamu ya Emmeline Pankhurst amesimama juu ya kiti akihutubia, maana vuguvugu lake la kudai kura za wanawake lilianzia mji huu mwaka 1903. Hatua chache mbele ni ukumbusho wa Peterloo: tarehe 16 Agosti 1819, kama watu 60,000 walikusanyika kudai uwakilishi bungeni, askari wa farasi wakawaingilia kwa mapanga. Waliuawa watu wapatao 18, mamia wakajeruhiwa. Ukumbusho ni ngazi za mviringo, na wenye viti vya magurudumu walilalamika kwa haki kwamba hawawezi kuupanda. Ukumbi wa mji wa mwaka 1877, pale Albert Square, ulifungwa 2018 kwa matengenezo makubwa. Hakikisha kama umefunguliwa kabla ya kuuweka kwenye ratiba.

Nyuki hawa kila mahali ni wa nini?

Nyuki mfanyakazi ni alama ya mji tangu nembo ya 1842: mji ni mzinga, watu wake wachapakazi. Utawaona kwenye mapipa ya taka, sakafuni, hata kwenye mikono ya watu waliochora tatuu. Watoto wape kazi ya kuwahesabu, utapata amani nusu saa.

Mimi nimekuja kwa mpira tu.

Nilijua. Tiketi nunua kwa klabu yenyewe, mapema, na mara nyingi lazima uwe mwanachama kwanza. Kuuza tiketi za mpira bila ruhusa ni kosa la jinai Uingereza, kwa hiyo anayekunong'oneza nje ya uwanja anaweza kukuingiza matatani au kukuuzia karatasi. Ukikosa mechi, ziara za Old Trafford na Etihad zipo, ila siku za mechi ratiba hubadilika. Hata usipolipa, nenda Old Trafford uone saa ya ukutani yenye tarehe 6 Februari 1958, ajali ya ndege ya Munich iliyoua wachezaji wa Manchester United. Mashabiki wa City mtanisamehe. Uwanja wenu ni mzuri, ulijengwa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, lakini kwa mtalii hauna mengi ya kusimulia.

Chakula cha halali?

Hakuna shida. Nenda Wilmslow Road, Rusholme, mtaa uitwao Curry Mile. Zamani ilikuwa Wapakistani na Wabangladeshi, siku hizi Washami, Waafghani na Wairaki wamejaa. Mishikaki ya mkaa utaipata, biriani utaipata. Pilau ya kwetu usiitafute, kula walichonacho. Jumapili unaweza kushuka huko ukipitia Manchester Museum na jumba la sanaa la Whitworth, zote Oxford Road, zote bure. Whitworth ina hazina kubwa ya vitambaa. Angalizo la lugha: mwenyeji wa kaskazini akikualika "tea" saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, anamaanisha mlo wa jioni. Usile kabla ya kwenda.

Salford Quays ina nini?

Zilikuwa gati za bandari. Manchester haina bahari, ikachoka kutozwa na Liverpool, ikachimba mfereji wa meli wa kilomita 58 uliofunguliwa 1894. Gati zilifungwa 1982. Sasa kuna studio za BBC, ukumbi wa The Lowry, na jumba la Imperial War Museum North lililobuniwa na Daniel Libeskind kama dunia iliyovunjika vipande. Tram inafika. Upepo ni mkali, hakuna pa kujificha.

Na nikitaka kuona kiwanda chenyewe?

Quarry Bank, Styal, karibu na uwanja wa ndege, cha mwaka 1784. Kuna kiingilio. Gurudumu la maji bado linazunguka, na nyumba waliyolala watoto wanagenzi bado ipo. Itakula nusu siku nzima, hivyo ukienda huko sahau Salford.

Mvua je?

Itanyesha. Wazee wa hapa husema unyevu ndio ulioufaa uzi wa pamba, usikatike. Mwavuli upepo utaugeuza. Beba koti lenye kofia na viatu visivyopitisha maji, hata Julai.

Ununuzi nifanye lini?

Jumamosi jioni, si Jumapili. Sheria ya Uingereza inayaruhusu maduka makubwa kufungua kwa muda wa saa sita tu Jumapili, kwa kawaida saa tano asubuhi hadi kumi na moja jioni. Na usiniulize duka la kanga.